Dobi aliyemdanganya mumewe matokeo ya fainali

Kola kwanza. Mama Seti analaza shati jeupe mezani, ananyunyizia maji kwa ncha za vidole, kisha anaisukuma pasi kutoka pembe ya kola kwenda katikati. Baada ya kola zinafuata kafu, mabega, mikono na mgongo. Mwisho kabisa ni upande wa mbele, ule ambao watu watauona.

Ni saa moja asubuhi na tayari mashati tisa yananing'inia kwenye kamba nyuma yake. Simu imeegemezwa kwenye kopo la wanga. Sauti ya mtangazaji inatoka kwa mikwaruzo, na chini yake unasikika mpira ukidunda. Robo fainali ya tenisi, seti ya tatu.

Mteja anaingia na suti mkononi. "Shikamoo, mama. Hii nitaipata lini?"

"Marahaba. Hebu subiri kidogo, mwanangu. Wako gemu ya tisa," anajibu bila kugeuka.

Mteja si mgeni hapa. Anavuta kiti, anakaa.

Wasiomjua hudhani Seti ni jina la mwanawe wa kwanza. Mama huyu, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ana mtoto mmoja tu, binti aliyeolewa, ambaye tenisi haipendi hata kwa dawa. Jina hilo alibandikwa na kinyozi wa mlango wa pili, aliyechoka kuambiwa kila mara kwamba nguo zake zitakuwa tayari "baada ya seti hii".

"Mimi namshangilia yeyote anayeongoza," anasema kinyozi huyo. "Nalala usingizi mzuri. Hawa wawili ndio wanaojitesa."

Wa pili ni mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Fundi. Yuko nyuma ya kaunta, anaandika kwenye ubao mweusi kwa mkono wa kushoto. Madobi wengine huweka bei kwenye ubao kama huo. Hapa yanaandikwa matokeo ya tenisi, na kila yanapofika yale mashindano makuu manne ya mwaka ubao hufutwa na kuandikwa upya kila siku. Herufi zinakwenda upande upande. Fundi hajali. Anamaliza mstari, anarudi nyuma hatua moja akiburuta mguu wa kulia, anautazama, anaridhika.

Walikutana kwa sababu ya saa mbovu. Wakati huo Mama Seti alikuwa akipiga pasi mashuka katika hoteli moja, na kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi kulikuwa na televisheni iliyokubali chaneli moja tu, ya michezo. Mpishi mmoja alimfundisha kuhesabu pointi. Alianza kutazama kwa kukosa la kufanya, akaendelea kwa kushindwa kuacha.

Siku moja akaitwa fundi saa kuja kutengeneza saa ya ukutani ya chumba hicho. Alipanda ngazi, akaishusha saa, akaiweka mezani. Kisha macho yake yakaenda kwenye televisheni.

"Akaniuliza, 'Dada, mbona kumi na tano, thelathini, halafu arobaini? Arobaini na tano imekwenda wapi?'" anakumbuka Mama Seti. "Nikamwambia, 'Ukiipata nijulishe.'"

Mechi ile ilikwenda seti tano. Jioni saa ilirudishwa ukutani ikiwa mbovu vilevile, na fundi akalazimika kurudi kesho yake. Na kesho kutwa.

"Ile saa ilikuwa na shida kubwa," anasema Fundi kutoka kaunta.

"Ilikuwa na shida ya betri," anamjibu mkewe.

Walioana mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi kila mmoja alishabikia wachezaji wake, waliokuja na kupita. Kisha wakatokea vijana wawili ambao nyumba hii iliwapa majina yake. Mmoja Fundi alimwita Mashoto, kwa sababu alicheza kwa mkono wa kushoto. Mwingine Mama Seti alimwita Mnara, kwa urefu wake. Kwa miaka kumi na miwili wachezaji hao walikutana mara kumi na saba kwenye mashindano makuu, kwenye nyasi, kwenye udongo mwekundu na kwenye sakafu ngumu. Mke akawa na Mnara, mume akawa na Mashoto, na hapakuwa na wa kumhurumia mwenzake.

Mashoto alipopoteza, Fundi alikuta matokeo yameandikwa kwenye karatasi chini ya kikombe chake cha chai. Mnara alipopoteza, Mama Seti alipigiwa mluzi tangu mlangoni hadi chumbani. "Hata tulipokuwa hatuongei kwa ugomvi mwingine, matokeo tuliambiana," anasema. "Hayo hayakuwa na kununiana."

Miaka mitatu iliyopita, Ijumaa asubuhi, Fundi alikuwa akifungua mfuniko wa saa ya mteja pale kikoleo chake kilipomponyoka vidoleni. Aliinama kukiokota, hakuinuka tena. Alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka moja moja.

Jumapili ya wiki hiyo ilikuwa fainali. Mashoto na Mnara.

Mama Seti aliisikiliza kwenye benchi nje ya wodi, simu ikiwa sikioni, akisubiri saa ya kuona wagonjwa. Mashoto alichukua seti mbili za kwanza. Akapoteza ya tatu. Katika ya nne alifika mara mbili pointi moja tu kutoka kwenye ubingwa, na mara zote mbili mpira wake ukagonga wavu na kubaki upande wake. Baada ya hapo Mnara hakurudi nyuma tena. Alishinda katika seti ya tano.

"Nilikuwa nimesubiri siku hiyo miaka mingi, nimcheke vizuri," anasema Mama Seti. Anaisimamisha pasi wima mezani. "Nikajikuta nalia. Mlinzi akaja kunipa pole, akidhani nimefiwa. Ningemwambia nini? Kwamba mtu wangu kashinda?"

Kengele ilipolia aliosha uso, akaingia. Fundi alikuwa macho. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Nani?"

"Wako," akasema mkewe.

"Seti?"

"Tatu kwa moja."

Nusu ya mdomo wa Fundi ikatabasamu. Nusu nyingine haikuweza. Mama Seti anasema aliutazama ule uso akajiambia kuwa uongo huo hautamdhuru mtu.

Kwa siku mbili Fundi alikuwa bingwa wa wodi. Alimnyooshea daktari dole gumba la kushoto. Alimwambia mfagiaji, neno baada ya neno, kwamba mtu wake amechukua kombe. Mwishowe akamwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiletewa gazeti kila asubuhi.

Mwalimu hakutaka kumuumiza. Lakini hakujua kudanganya. Alimpa gazeti.

Jumanne jioni Mama Seti alipofika na chupa ya chai, mumewe alikuwa ameugeukia ukuta. Akamimina chai, ikapoa. Gazeti lilikuwa juu ya shuka, limefunuliwa ukurasa wa michezo, na hapo akaelewa.

"Nikamwambia, 'Mume wangu, nisamehe. Niliogopa presha yako itapanda,'" anasimulia.

Fundi aligeuka taratibu. Maneno aliyoyasema yalimchukua muda mrefu kuyatoa, na mkewe anayo kichwani hadi leo, yote.

"Miaka yote hii hujawahi kunihurumia. Hata siku moja. Juzi umenihurumia. Ndipo nikajua naumwa kweli."

Mama Seti anasema hakuwahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Basi akafanya jambo moja tu aliloliweza. Akaanza mwanzo.

"Seti ya kwanza," akamwambia, "Mashoto ndiye aliyeanzisha mpira."

Alimsimulia fainali nzima, gemu kwa gemu, kama alivyoisikia kule kwenye benchi. Hakupunguza kitu. Alipofika seti ya nne, kwenye ile mipira miwili iliyogonga wavu, Fundi alifumba macho na kusema, "Mpumbavu huyu." Mwalimu wa kitanda cha jirani alikuwa ameshaweka miwani pembeni. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia, muuguzi akaja kumwondoa.

"Mama, muda umekwisha."

"Sista, bado seti moja."

Muuguzi alimtazama yeye, akamtazama Fundi, akaegemea ukingo wa dirisha. "Haya, malizia upesi. Ikawaje?"

Alipomaliza, Fundi aliomba chai. Ilikuwa baridi, akainywa hivyo hivyo.

Tangu jioni hiyo wana mapatano yasiyoandikwa popote. Habari ikiwa njema, wanaambiana. Ikiwa mbaya, wanaambiana. Hilo linahusu tenisi, linahusu vipimo vya presha, linahusu kila kitu. Mwaka uliofuata daktari alipowaambia kwamba vidole vya mkono wa kulia havitarudi kufanya kazi ya saa, Mama Seti ndiye aliyemtafsiria mumewe kwa lugha ya nyumbani, mbele ya daktari huyo huyo: "Fundi, saa basi."

"Nilishukuru," anasema Fundi. "Watu wengine walikuwa wananiambia nitapona tu, nitapona tu. Kila mmoja ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Vifaa vyake, vikoleo vyembamba na lenzi ya jichoni, alimuuzia fundi mwenzake. Miezi ya kwanza nyumbani ilikuwa migumu. Mama Seti alikuwa anaacha kazi mara tatu kwa siku kwenda kumlisha, na nguo themanini alizozoea kupiga pasi kwa siku zikashuka hadi arobaini. Ndipo alipomwambia, "Wewe huku unanichelewesha. Njoo dukani unicheleweshee huko huko."

Alikuja. Alianza kwa kupokea nguo na kubandika vibandiko vya majina. Kisha akaomba chaki. Siku ya kwanza aliandika mstari mmoja kwa robo saa, jasho likimtiririka. Kinyozi alikuja kuusoma, akashindwa, akauliza ni lugha gani.

"Nimemshangilia mtu wa mkono wa kushoto maisha yangu yote," Fundi akamjibu. "Sasa ni zamu yangu."

Leo nguo zimerudi themanini kwa siku, na wakati mwingine zinapita. Lakini mwaka jana nyumba hii ilipata msiba wa aina nyingine. Mnara alitangaza kustaafu. Mama Seti alipokea habari hiyo akiwa na suruali mezani, na anakiri kwamba aliiunguza.

Aliyeshangaza ni Fundi. Mashoto alikuwa amebaki peke yake kileleni, na shindano lililofuata alilichukua bila taabu. Fundi aliandika matokeo, akarudisha chaki mahali pake, hakupiga mluzi.

"Halikuwa na chumvi," anasema. "Nilimgeukia mama nimcheke, nikakuta hana mtu wa kuchekewa."

Kwa hiyo tangu hapo amekuwa akimsihi mkewe achague mchezaji mpya. Alimletea majina ya vinara, mmoja baada ya mwingine, kama mshenga. Mama Seti akawakataa wote. Huyu anajisikia, yule anapiga raketi chini, huyu mwingine "ana uso wa mtu asiyelipa dobi".

Wiki iliyopita, hatimaye, alichagua. Ni kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hata kinyozi, anayesoma kila ukurasa wa michezo, hajamsikia. Alitolewa raundi ya kwanza, tena kwa seti tatu mfululizo.

"Nilimsikiliza mpaka mwisho," anasema Mama Seti, akilitundika shati la kumi kwenye kamba. "Yuko chini kabisa, kila mtu kashamwacha, na yeye anaukimbilia kila mpira. Huyo wangu."

Mwandishi wa makala haya anamuuliza Mama Seti kijana kama huyo atachukua muda gani kufika fainali kubwa.

Mama Seti anafikiri. "Akijaliwa, miaka sita. Saba."

Nyuma ya kaunta Fundi ameacha kuandika. Tangu alipougua, daktari humpa tarehe ya kurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na ni muda mrefu nyumba hii haijapanga jambo lolote linalopita tarehe hiyo.

"Saba," anarudia, akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto mpaka vinamwishia. "Haya. Basi na mimi nianze kumtafuta wa kumfunga."