Siku Tuliyopeleka Draya Ngara

Nikinusa petroli mahali palipo na losheni ya nywele, kichwa changu hupata baridi papo hapo. Msicheke. Ninyi hamkupelekwa Ngara mchana kweupe na rola kichwani, maji yanawachuruzika shingoni, na watu wa duka la viatu wametoka nje kuwatazama.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili. Mvua ilikuwa imetukataa, mabwawa yamekauka, na stima, yaani umeme, ilikuja kwa zamu. Mama alikuwa na saluni ndogo kando ya barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, chini kidogo ya Loresho, na wateja wake walishuka kutoka huko juu kwa matajiri na hata Kitisuru. Wiki mbili nyuma stima ilipotea mteja mmoja akiwa chini ya draya, ile mashine ya kukaushia nywele, kichwa bado kibichi. Aliingia kwenye gari lake na rola zetu kichwani, na hatukumwona tena, wala yeye wala rola. Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja na bibi arusi na wasimamizi wake watano. Mama alisema stima ikipotea siku hiyo, hatakuwa na uso wa kufungua mlango Jumatatu.

Kwa hivyo jenereta ilikuwa lazima. Baba alikuwa ameshachagua moyoni: kadogo, kekundu, kenye mpini wa kushika kwa mkono mmoja. Mchana ingefanya kazi saluni, jioni angeibeba mpaka nyumbani tutazame televisheni. Loo, hapo Baba alinipata mzimamzima. Kipindi changu cha Alhamisi nilikuwa nimekikosa mwezi mzima, na shuleni wenzangu walionihurumia walinisimulia vibaya. Usiku nililala nikiiota ile jenereta nyekundu.

Mama hakubishana. Alisema tu kwamba yeye hauziwi mbuzi kwenye gunia. Asubuhi, kwa kuwa tulikuwa likizo, aliniosha nywele, akanifunga rola kama mteja wa kulipa, akanivika mfuko wa plastiki mabegani, kisha akamwambia Baba apakie draya moja kwenye pikapu ya jirani. Baba alidhani ni mzaha mpaka alipoona kofia ya draya inachungulia nyuma ya pikapu.

Mwenye duka la jenereta huko Ngara alikuwa Mzee Harjit, mtu wa kilemba safi na maneno machache. Jenereta zilikuwa zimejaa dukani mwake mpaka mlangoni. Aliitazama draya, akanitazama mimi, akavua miwani na kuifuta.

"Mama, watu huleta balbu hapa kujaribu," akasema. "Kichwa, hiki ndio cha kwanza."

Waliniketisha kwenye kiti cha plastiki pale barazani, wakanishushia kofia. Baba akavuta kamba mara moja, mbili, na ya tatu kale kekundu kakaitika! Draya ikaanza kuvuma. Moyo wangu ulinienda mbio kwa furaha. Wapita njia walisimama, mwenye kuuza mahindi akasogeza jiko lake karibu aone vizuri, na mimi nikainua kidevu kama bibi arusi mwenyewe.

Ila ule upepo haukuwa moto. Jenereta iliguna kama mtu aliyebebeshwa gunia la viazi, na kichwani nilihisi pumzi tu, tena ya baridi. Mama alisimama nyuma yangu kitambo, kisha akazunguka mbele akifuta mkono kwenye aproni, akainama.

"Unasikia moto?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Unachoma," nikasema. Nyanya yangu alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kuliko kamba ya ile jenereta.

Mama hakukunja uso. Alinitazama, akasema polepole, "Jumamosi atakaa hapo bibi arusi."

Basi. Niliitazama jenereta yangu nyekundu, na ule mpini wake mzuri, na nikaona Alhamisi zangu zote zinakwenda. Nikamfikiria Mama Jumatatu, amesimama nje ya mlango uliofungwa.

"Mama, ni baridi," nikasema. "Kichwa kinaganda."

Baba alikohoa na kugeukia barabarani. Mama alimwambia Mzee Harjit atoe ile kubwa. Wakaikokota kutoka nyuma, ya kijivu, sura mbaya, gurudumu moja linalia. Ikavutwa mara moja tu, na moto ulioshuka masikioni mwangu ulinifanya niruke kitini nikipiga kelele kwamba sasa ni kweli, sasa ni kweli! Baraza zima lilicheka, na mwenye mahindi akanipa hindi la bure.

Jumamosi stima ilipotea wasimamizi wawili wakiwa bado chini ya draya. Mama aliivuta kamba mwenyewe, na bibi arusi akaenda kanisani nywele zimesimama alivyotaka. Televisheni sikuiona, maana ile ya kijivu haikubebeka kwenda popote. Baba naye alisema kwa miaka kwamba kale kekundu hakakupewa nafasi ya kupata joto.

Mwezi uliopita nilikuwa namtengeneza nywele binti yangu. Nikaingiza mkono chini ya draya kupima moto, nikautoa umelowa, nikaufuta kwenye aproni ndipo nimwulize kama anachomeka. Nikaganda hapohapo. Kumbe siku ile Mama alikuwa ameshapima! Alikuwa anajifuta maji ya nywele zangu wakati ananiuliza.

Nilimpigia simu palepale. Alicheka mpaka akakohoa.

"Jenereta nilikuwa nimeshaijua," akasema. "Nilitaka kukujua wewe."