Mbuzi wa Mnadani Akheri

Nawaambia ninyi, maana kanisani kwetu Akheri wanajua wote. Mimi natengeneza video fupi za mtandaoni, kazi ambayo baba yangu huiita kuchezea simu. Jumapili ya mavuno, ibada ilipokwisha, sadaka zikapigwa mnada uani, na Mlima Meru ukachungulia kati ya mawingu. Ilipofika zamu ya mbuzi, nikainua simu juu ya vichwa nirekodi.

Mnadishaji akaninyooshea kidole. "Yupo dada!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Moyo ukanijaa: nimeshakuwa maarufu! Nikatabasamu, nikainua simu juu zaidi. Vigelegele vikazidi. Nikapunga na mkono wa pili.

"Mbuzi amepata mwenyewe! Binti wa mzee wa kanisa!"

Nikakabidhiwa kamba. Baba akaja amekunja uso. "Umenunua mbuzi kwa hela gani wewe? Za video?"

Malipo ya tangazo langu la kwanza yalikuwa yameingia juzi, na sikuwa nimemwambia mtu. Nikalipa palepale kwa simu. Mhazini akasoma ujumbe wa malipo kwa sauti, jina langu na kiasi chote.

"Ndiyo, baba," nikasema, mbuzi akinivuta. "Za video."