Mawe Niliyowaonyesha Wazee wa Kanisa

Andika, mjukuu wangu, wala usipunguze neno. Kamati inayoandika historia ya kanisa letu la Presbiteri hapa Kapseret iliniomba niwaonyeshe msingi wa jengo la kwanza. Mwenyekiti alitaka tungoje ramani. Nikamjibu kwamba mimi sikusoma, na kichwa changu hakijawahi kuhitaji karatasi. Nikawapeleka kwenye mawe manne nyuma ya shamba. Wazee wakavua kofia, mchungaji akapiga magoti, picha zikapigwa. Ndipo Mama Njeri, aliyewapikia wajenzi enzi hizo, akafika akihema.

“Mama Wambui! Mbona mnapigia choo magoti? Kanisa lilikuwa kule kwa mahindi!”

Wote wakanigeukia. Nikasimama wima.

“Choo ndicho tulichojenga kwanza,” nikawaambia. “Historia huanzia mwanzo. Mchungaji, endelea kuomba.”