Moto Ambao Mama Hakutaka Uwashwe

Kwetu Likasi, mji wa machimbo ya shaba, nyumba yenye msiba hata mgeni anaitambua: viti vya sebuleni vimetolewa nje, na gogo kubwa linawaka uani. Wanaume hukaa kuuzunguka moto huo, wanawake hukaa ndani kwenye mikeka. Moto usipowaka, hakuna kilio. Ndiyo maana kaka yangu alipofunikwa na udongo kwenye machimbo ya Kamatanda, vita vya nyumbani kwetu vilikuwa juu ya gogo.

Habari ililetwa asubuhi na mchimbaji mwenzake aliyekuwa na matope hadi kwenye nyusi. Shimo lilikuwa limeporomoka. Wenzake walitoka; kaka alikuwa chini kabisa, pale shimo linapokata kona kuufuata mshipa wa jiwe. Baba, aliyezeekea kiwandani Shituru na ambaye hasemi neno ikiwa kukohoa kunatosha, alikwenda nyuma ya nyumba akaanza kupasua kuni. Majirani nao hawakungoja kuambiwa. Wawili walikuwa wameshainua kochi likawakwamia mlangoni, Mama alipotoka chumbani.

"Murudishe ile kiti," akasema. "Hapa hakuna kilio. Mutoto yangu eko muzima."

Walilirudisha. Kubishana na Mama si kazi ndogo, nami nimeijaribu tangu utotoni. Baadaye wakaja akina mama wa maombi wa kanisa letu, na vitambaa vyeupe kichwani. Walilia, wakanena kwa lugha, na kiongozi wao akatabiri kwamba kaka atatoka kwa miguu yake mwenyewe. Mama akajibu amina. Jioni akasonga bukari, ugali wa kwetu, akapika samaki wa ziwa Tshangalele, na fungu la kaka akaliweka kwenye sahani yake ya bati yenye ua jekundu, akalifunika. Asubuhi tulilila sisi, likiwa baridi, na jioni akapika tena.

Nilikasirika. Niliona kwamba watu wa kanisa, baada ya kutuchukulia Jumapili zetu na sauti zetu, sasa wanatunyima hata machozi. Baba alikaa karibu na kuni zake kama mchuuzi ambaye soko limemkimbia. Kila niliposhikwa na kilio nilikwenda kulilia chooni, mtu mzima kama mimi, ili Mama asiseme ninaua imani.

Siku moja alinituma Kamatanda kuwapelekea chakula waliokuwa wakimchimbua kaka. Niliwakuta wamelegea, macho mekundu, wanatoa udongo kwa ndoo na kamba. Mkuu wa timu, mwanamume mfupi ambaye alikuwa amefanya kazi na kaka muda mrefu, hakunisalimu kwanza. Aliuliza:

"Kwenu mulishaweka kilio?"

"Bado. Mama anakataa."

Akapumua, akawageukia wenzake. "Bado. Tuendelee." Wote wakasimama, hata aliyekuwa ameshanawa mikono ili ale.

Sikuelewa, nikamuuliza. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni wa mjini. Familia ikishawasha moto, hakuna mchimbaji atakayeingiza tena koleo pale. Wenye mtoto wamesema amekufa, basi lile si shimo tena, ni kaburi, na kaburi halifukuliwi. "Siku mutawasha moto," akasema, "siye tutatoka."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anakoroga sufuria.

"Ulikuwa unajua?"

Hakujifanya hajui ninachouliza. "Ndugu yangu alikufiaka mu shimo mbele weye uzaliwe. Tuliwasha moto siku ile ile. Bakaacha kuchimba. Mpaka leo sijue kama alikuwa angali anapumua." Akaendelea kukoroga. "Minye naomba Mungu, kweli. Lakini Mungu anafanyaka kazi na mikono ya bantu. Nikiwasha moto, ile mikono inaanguka."

Kwa hiyo unabii na vitambaa vyeupe vilikuwa upande mmoja tu wa imani yake. Upande wa pili ulikuwa koleo. Usiku ule na mimi niliomba, kwa mara ya kwanza tangu habari ifike, na niliomba kwa moyo wote. Nilimwambia Mungu kwamba nimeelewa, sasa amtoe.

Mvua ikaanza. Si ile ya kutuliza vumbi; ilinyesha mpaka barabara ya kwetu ikawa mto wa matope mekundu. Kamatanda waliendelea kuchimba, maji yakiwafika magotini. Kisha yule mchimbaji wa siku ya kwanza akaja tena. Ukuta wa shimo ulikuwa umepasuka na kuwaangukia vijana wawili. Walitolewa wazima, mmoja akiwa amevunjika mguu. Mkuu wa timu alikuwa amerudi chini peke yake.

"Juu ya nini amerudi?" Mama akauliza.

"Mama, kwako moto haujawaka."

Mama alikaa kwenye lile kochi. Alifumba macho, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Mimi niliyemkasirikia kwa kukataa kilio, sasa nilikuwa namwomba kimoyomoyo asikubali. Subiri, Mama. Kesho tu. Alipofumbua macho alimtazama Baba aliyesimama mlangoni.

"Bale ba mu shimo nabo beko na bamama yabo," akasema.

Akainuka, akashika kochi upande mmoja. Mimi nikashika upande wa pili, na mara hii halikukwama. Baba alimwaga mafuta ya taa juu ya kuni zilizolowa, akawasha. Yule mchimbaji aliutazama moto hadi ukashika vizuri, kisha akaondoka mbio kuelekea Kamatanda. Ndipo Mama akapiga yowe. Sijawahi kusikia sauti ile, na siombi niisikie tena.

Mkuu wa timu alitoka salama. Kaka yangu yumo humo humo. Baada ya mvua, shimo lilikuwa bonde dogo lenye maji ya kijani.

Kiongozi wa akina mama wa maombi alikuja kwenye kilio akakaa nasi mkekani. Alimwambia Mama kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba angevumilia siku moja zaidi Mungu angetenda. Nilifungua mdomo ili nimfukuze. Mama akanishika goti.

"Minye nilimupatia Mungu nafasi yote," akasema. "Hakuishika. Nitamuuliza. Lakini nitamuulizia mu nyumba yake, sitamuulizia inje."

Anaenda kila Jumapili. Mhubiri anaposema Mungu hachelewi, kanisa zima hujibu amina, na Mama hunyamaza. Hasimami, hatoki. Mimi hukaa karibu naye, na sijui kama ninamwamini Mungu au ninamwamini yeye tu. Nyumbani hapiki tena fungu la kaka. Lakini juzi nilitaka kumpa jirani ile sahani ya ua jekundu, Mama akaichukua mikononi mwangu, akaifuta kwa kitenge chake, akairudisha mahali pake.