Cheche na Mstaarabu

Niliusubiri wimbo uruke, na haukuruka.

Nilikuwa nimeketi katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, mmojawapo wa ile mipya iliyofunguliwa ndani ya nyumba za zamani, ambako chai ya tangawizi huletwa kwenye glasi ndefu na mito ya kuegemea ina rangi nyingi kuliko bustani. Nje jua la alasiri lilikuwa bado kali. Kijana wa kaunta alikuwa ameweka muziki, gitaa na ngoma laini nyuma yake, na kabla sijajua nasikiliza nini, vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kuufuata juu ya meza. Unakuja, unakuja, sasa unaruka. Lakini gitaa lilipita pale pale bila kujikwaa, likatoa sauti chache ambazo sikuwahi kuzisikia maishani, kisha likashika tena njia ninayoijua. Nikaweka glasi chini. Huyu alikuwa Cheche. Cheche wa Bi Jirani, akiupiga wimbo wake mzima.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe hukukulia kichochoroni kwetu.

Dirisha la bibi yangu lilitazamana na dirisha la jirani yake, karibu hivi kwamba mtu akikohoa kwao alipewa pole kutoka kwetu. Sote watoto tulimwita jirani huyo Bi Jirani, kana kwamba majirani wengine walikuwa wa mzaha. Yeye alitunga asumini za maharusi, na bibi alipika mahamri ya kuuza, kwa hiyo kichochoro chetu kilinuka iliki asubuhi na maua jioni. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri Bi Jirani alivuka na kapu lake la asumini, akaja kukaa jikoni kwetu. Bibi aliwasha redio ya kaseti. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Babu yangu alikuwa mpishi wa meli. Wenzake walirudi safari na saa za mkono na vitambaa. Yeye alirudi na jazi. Aliirekodi kwenye kaseti huko huko alikotia nanga, na kwa uvivu au kwa makusudi hakuandika chochote juu yake. Joto na chumvi vilizila nyingi. Alipofariki, mimi nikiwa bado nabebwa, zilikuwa zimesalia mbili nzima, moja nyekundu na moja nyeupe, kila moja na mpiga gitaa wake. Wanawake wale walipokuwa wakimwuliza majina ya hao wapigaji, bibi alinisimulia, babu alijibu kwamba sauti ya mtu ndiyo jina lake. Basi wakawapa majina wenyewe. Wa kaseti nyekundu, aliyepiga kama viazi vinavyotupwa kwenye mafuta moto, akawa Cheche, na alikuwa wa Bi Jirani. Wa kaseti nyeupe akawa Mstaarabu, na alikuwa wa bibi.

Mji wetu ni mji wa taarab, na hao wawili waliipenda kama kila mtu, lakini taarab haikuwahi kuwagombanisha. Jazi iliwagombanisha kila wiki, kwa raha zao.

Bibi alishikilia kwamba Mstaarabu ana adabu: hubisha hodi kabla ya kila sauti, akangoja aitikiwe, ndipo akaingia. Bi Jirani alikubali kwamba hubisha hodi kweli, ila hubisha mpaka wenyeji wakapitiwa na usingizi. Bibi, mikono ndani ya unga, alimjibu bila kuinua macho kwamba afadhali huyo kuliko Cheche, anayeingia na viatu mpaka jikoni.

Alikuwako pia mpangaji wetu wa ghorofani, mtu wa bara, karani wa bandarini, aliyepiga gitaa kanisani kwake kila Jumapili. Alishuka na kikombe chake cha chai akitaka kuwasuluhisha. Yeye alisema mpiga gitaa bora si huyu wala yule, ni yule wa nyuma ambaye hamumsikii, anayewashikilia wenzake wasianguke. Akaonyesha sinia la mchele nililokuwa nikichagua. Mchele ukichaguliwa vizuri, alisema, hakuna mlaji anayemsifu aliyeuchagua. Lakini jiwe moja likibaki, wote watamtaja. Ilikuwa hoja nzuri, na kwa sababu hiyo wanawake wale waliungana papo hapo dhidi yake. "Kunywa chai yako, mwanangu," Bi Jirani alimwambia, "itapoa."

Na mwalimu wetu wa chuo, aliyetusomesha Qurani, hakuwahi kuketi nasi hata mara moja. Lakini Mstaarabu akiwa anapiga, ukanda wa kiatu cha mwalimu ulikuwa na tabia ya kulegea chini ya dirisha letu hasa, na kuufunga kulichukua wimbo mzima. Bibi alimhesabu upande wake. Siku moja alimwuliza kutoka juu kama ameupenda muziki. Mwalimu alisema yeye hasikii muziki, anasikia tu mtu anayejua kunyamaza.

Ubishi haukuishia jikoni. Uliendelea kwa sahani, na mchukuzi wa sahani nilikuwa mimi. Wajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Bibi alinituma na mahamri yaliyorundikwa, nikashuka ngazi zetu na kupanda ngazi zao, na Bi Jirani akanirudisha na hamri moja tu katikati ya sahani. "Mwambie bibi yako, hivyo ndivyo Mstaarabu wake apigavyo. Kimoja. Halafu twangoja." Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaijaza sahani ile ile bajia, mbaazi, kachumbari, ndizi na ncha za mkate, vyote juu ya vyote, akanirudisha nayo. "Na huyu ndiye Cheche wake. Aokote mwenyewe."

Waliniuliza mara nyingi wangu ni nani. Jikoni kwa bibi nilisema Mstaarabu. Kwa Bi Jirani, ambako kaimati zilitoka motoni zikidondoka asali, nilisema Cheche. Nilishiba pande zote mbili.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo redio ilimeza utepe. Cheche alikuwa katikati ya wimbo wake mkubwa, sauti ikanyongeka, na bibi alipofungua kifuniko utepe ulitoka umekunjamana kama utumbo wa samaki. Bi Jirani aliokota kapu lake, akaacha asumini kadhaa sakafuni, akaenda. Ile kaseti nyekundu babu alikuwa amempa yeye mwenyewe, na redio iliyoimeza ilikuwa ya mpinzani wake.

Asubuhi yake bibi alituma mahamri. Sahani ilirudi imeoshwa, imekaushwa, na ni tupu. Nilipanda nayo ngazi zetu polepole kuliko siku zote, maana hata mtoto alijua uzito wa sahani tupu. Bibi aliipokea, akaitazama, akaigeuza kama aliyetarajia kitu chini yake. Siku zilizofuata dirisha la mbele yetu lilifungwa. Hatukuwasha redio. Bibi alikanda unga kimya, na kila kikombe kilipolia kwa Bi Jirani alisimamisha mikono, akasikiliza.

Hatimaye alasiri moja akaniita mezani. Alikuwa na wembe, selotepu, na kalamu ya wino ya kuzungushia kaseti. Alinyoosha utepe kwa ukucha, shibri kwa shibri, akanikabidhi miwani yake niifute kila ilipoingia ukungu. Kipande kimoja kilikuwa kimechanika vibaya mno. Alikishika mwangani, akakikata, akaunganisha ncha mbili zilizobaki. Muadhini wa magharibi alimkuta bado ameinama. Kisha akaiweka kaseti kwenye sahani tupu, akanituma.

Nilimkuta Bi Jirani gizani. Aliitazama sahani, akavaa buibui yake, akavuka pamoja nami. Bibi alibonyeza redio. Cheche akapiga, mbio kama zamani, akafika pale, akaruka, akaangukia mbele. Bibi aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti kwa mikono miwili, nikimtazama Bi Jirani.

"Hapo," alisema, "amevuta pumzi."

"Amevuta pumzi," bibi akaitikia.

Kuanzia hapo Cheche aliruka kila Jumamosi, na Bi Jirani alidai kwamba mruko ule ndio ufundi wake.

Sasa utaelewa kwa nini nilimwendea kijana wa kaunta. Alinionyesha simu yake. Jina la mpigaji lilikuwa pale, na chini ya jina, orodha ya nyimbo zake za miaka yote. Nilizigusa moja moja, kwa udadisi tu, mpaka karibu na mwisho kabisa, katika zile alizopiga uzeeni, nikasikia mtu akibisha hodi. Akangoja. Akaingia.

Alikuwa Mstaarabu. Cheche na Mstaarabu walikuwa mtu mmoja.

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikatika. Bibi hayupo tena. Bi Jirani anaishi Ganjoni kwa mwanawe, kwenye fleti, na nimtembeleapo hunikumbusha ubishi ule kama mtu anayehifadhi kitambaa cha harusi. Nikimwambia, si nitakuwa nimemnyang'anya kilichobaki cha shoga yake? Na nikinyamaza, nitamtazamaje? Nilinunua mahamri, nikapita nyumbani nikayaweka kwenye sahani ya bibi niliyorithi, nikapanda tuk-tuk bila kuwa nimeamua.

Nilimkuta kibarazani mwa fleti, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilimwekea wimbo. Mdomo wake ulifunguka kidogo, kidole kikapiga goti. Ulipofika pale, akakunja uso.

"Mbona haruki?"

"Ndivyo alivyoupiga, bibi yangu. Hiki ndicho kipande kilichokatwa."

"Wetu ulikuwa bora." Akangoja mpaka mwisho. "Basi jina lake nani, baada ya miaka yote hii?"

Nikamwambia. Nikamwambia na la Mstaarabu, kwamba ni hilo hilo, na nikamwekea ule wimbo wa uzeeni. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilidhani analia, kumbe mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

"Ndiyo maana," alisema. "Babu yako tukigombana alikuwa atoka zake nje, acheka peke yake. Nilidhani atucheka sisi."

"Kwa hiyo nani alishinda?"

Alinitazama kama niliyeuliza kama bahari ina chumvi. "Mimi. Mtu mmoja, nani kakwambia? Yule kijana, na huyu mzee. Mimi leo nikikutana na msichana niliyekuwa, tutagombana kabla chai haijamiminwa. Wangu ni Cheche. Wa bibi yako ni wa bibi yako, Mungu amrehemu, na alikosea." Akauacha wimbo ubishe hodi mara mbili tatu. "Hakukosea sana."

Nilipoaga aliingia jikoni na sahani, akakawia. Alinirudishia imefunikwa kitambaa.

Kichochoro chetu bado kipo, lakini dirisha la bibi limezibwa na mashine ya kupoza hewa, na la mbele yake ni duka la vikumbusho vya wageni. Hakuna anayekohoa akapewa pole. Niliyawaza hayo ndani ya tuk-tuk, sahani mapajani, nikafunua kitambaa.

Katikati ya sahani palikuwa na hamri moja.

Nililimega polepole njia nzima, na kila tonge nililibishia hodi kwanza.