Noti Alizoziacha Cherehani

Saa tisa alasiri, Cherehani anafungua piano kwa mkono wa kulia, kisha anauinua ule wa kushoto na kuuweka juu ya vibonye kama mtu anayemlaza mtoto. "Twende, mvivu wewe," anauambia. Vidole viwili vya mwisho havitikisiki.

Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wenzake wa zamani, kwa sababu alipiga kila noti sawasawa, bila kupinda, mwanzo hadi mwisho. Kwa miaka kumi na tisa amewasindikiza kwa piano wanafunzi wa uimbaji, katika shule ya muziki iliyo juu ya duka la vioo.

"Mama yangu alikuwa akisinzia kila onyesho!" ananiambia, akicheka mpaka machozi. "Nikimuuliza, ananijibu, 'Mwanangu, najua hukosei, ndiyo maana nalala kwa amani.'"

Kisha kikaja kiharusi, akiwa jikoni anaosha vikombe. Miezi minane hakufanya kazi, nyumba ikategemea mshahara wa mumewe, fundi wa friji. Aliporudi shuleni alijaribu kupiga kila kitu kama zamani. Akashindwa, akaenda kulia chooni.

"Nilimwambia, mke wangu, mimi noti sizijui," anasimulia mumewe. "Lakini kama vimebaki vidole vitatu, vipe kazi ya vitatu."

Ndipo Cherehani akaanza kuchagua: noti hii ibaki, ile iende. Mkono ukichelewa kufika, muziki nao unausubiri, na anayeimba anapata nafasi ya kuvuta pumzi. "Mwanafunzi mmoja aliniambia, 'Mwalimu, leo nimehisi unanisikiliza.' Nilishukuru, lakini iliniuma pia. Kumbe miaka yote hiyo!"

Leo hamsindikizi mtu. Anapiga peke yake mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu augue. Mstari wa mbele ameketi bibi aliyemfundisha piano tangu utotoni, na penseli yake. Kila noti iliyokosewa huizungushia duara kwenye nakala yake ya muziki. Cherehani amejiapia kwamba bibi huyo akimkataa, hatapanda tena jukwaani peke yake.

"Namwogopa mpaka kesho," ananong'ona. "Lakini Mungu ambariki. Asingenikazania noti zote, ningejuaje ipi naweza kuiacha?"

Anapiga. Katikati ya kipande, pale mtunzi alipojaza noti, mkono wa kushoto unanyamaza na ule wa kulia unaendelea peke yake, taratibu. Mimi nasahau kuandika. Mama yake yuko macho, leso mdomoni, analia waziwazi.

Makofi yakiisha, bibi anapanda jukwaani hatua kwa hatua na kumpa ile nakala. Duara zimejaa kila ukurasa. Cherehani anashika ukingo wa piano.

"Umeacha noti nyingi," bibi anasema. "Nimeziona zote."

"Najua, mwalimu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimeziwekea alama nisizisahau. Kesho asubuhi nami nataka kukipiga kipande hiki hivyo hivyo, bila hizo. Haya, nirudishie karatasi yangu."

Cherehani anamkumbatia.

Kipande kingine amekwisha kukichagua, tena cha kasi kidogo. "Mwezi ujao, nikijaliwa," anasema, akiusugua mkono wake wa kushoto. "Mwalimu atakuja na penseli. Na mama ameapa kwamba halali tena."