Matanga na Mtihani wa Ndege

Binti yangu alikufa wakati wa masika, tukamzika kwetu migombani, juu ya Kikatiti. Hakuolewa. Aliacha mtoto mmoja tu, mjukuu wangu wa kike, anayesomea uhandisi wa ndege Dar es Salaam. Ndiyo, ndege! Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mtu akiniuliza mjukuu wako anasoma nini, namjibu kwa sauti ya kufika barabarani.

Shida ikaja kwenye matanga. Siku ya kuanua, mtoto wa marehemu hunyolewa mbele ya ukoo. Asiponyolewa, kwetu husemwa msiba bado umelala ndani. Na siku hiyohiyo mjukuu wangu alikuwa na sapu, mtihani wa kurudia somo lililomwangusha. Akiukosa, chuo basi.

Shemeji yangu, mkubwa wa ukoo, akamtazama mjukuu, akasema, "Mke wangu huyu haendi popote. Ndege zitaruka tu."

"Zitaruka, babu," mjukuu akamjibu, macho yamevimba. "Wewe utakubali kupanda?"

"Somo lenyewe la nini?" shemeji akauliza.

Mjukuu akaokota kopo tupu la soda, akalisimamisha kwenye saruji ya baraza, akanishika bega, akapanda juu ya kopo kwa mguu mmoja, polepole. Kopo likambeba. Watu wakaacha chai yao.

"Ukuta wake mwembamba kama karatasi, na umenibeba. Mwili wa ndege ndivyo ulivyo, bati jembamba. Sasa bibi, ligonge ubavuni."

Nikaligonga kwa bakora. Paa! Likajikunja, naye akaniangukia kifuani.

"Umeona? Uzito ni uleule. Limebonyea kidogo tu, likajikunja. Ndiyo maana kwa ndani tunaweka mbavu na fito, kama nyumba ya udongo. Fito ngapi, zipite wapi, ndilo somo langu."

"Kumbe mnatupandisha makopo!" shemeji akasema, na waombolezaji wakacheka. Mjukuu naye akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kilio.

"Mama ndiye alikuwa ananigongea kopo nikisoma," akasema.

Asubuhi nikamfungia ndizi za kuchemsha, nikampeleka stendi mwenyewe. Ruhusa sikuomba kwa mtu.

Siku ya kuanua, shemeji akauliza, "Nani ananyolewa?"

Nikavuta kigoda, nikakaa. "Mimi."

"Mtoto hunyolewa kwa ajili ya mzazi, shemeji. Wewe unageuza dunia."

"Imeshageuka. Ingekuwa imekaa sawa, binti yangu ndiye angekuwa kwenye kigoda hiki, na mimi kule migombani. Leteni wembe."

Jirani yangu ndiye aliyeninyoa. Akanikata juu ya sikio. Nilikuwa sijalia tangu mazishi, nilikuwa na watu wa kulisha. Upepo wa mlimani uliponigusa kichwa kitupu, nikalia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama, wala sikuona aibu.

Jioni mjukuu akapiga simu ya picha.

"Vipi mtihani?" nikamuuliza.

"Nimejibu yote, bibi. Hebu vua kilemba."

"Kuna baridi huku."

"Bibi. Vua."

Nikavua. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hiyo ilikuwa kazi yangu," akasema.

"Najua."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumsifu. Hayakutoka. Tukabaki tunatazamana, yeye na mimi, mpaka bando lake likaisha.